Saa Tano Mbili za Alamere

Mpwa wangu alisema maji yanapwa saa tano na dakika hamsini, nami nikamwamini. Siwezi kumlaumu. Kijana kazaliwa Oakland, kasoma Oakland, na Kiswahili chake ni cha mezani kwa mama yake. Kazi ya kuisoma bahari niliichukua mwenyewe, mimi niliyekulia Mikindani, ambako mtoto hujua maji kujaa na kupwa kabla hajajua a, be, che. Kwa hiyo saa sita na nusu mchana, tukiwa tumekwisha tembea kilomita tisa, tulisimama juu ya ufuko wa Wildcat tukatazama chini. Pale nilipotarajia mchanga mpana kama uwanja wa mpira palikuwa na mawimbi, na mbele kidogo yalikuwa yanapiga kwenye mguu wa genge.

"Mjomba," akasema kwa adabu zote, "si ulisema tukifika maji yatakuwa yametoka?"

Tulikuwa tunakwenda Alamere. Ni kijito tu, cha kuruka kwa hatua mbili tatu, kinachoshuka kutoka vilima vya Point Reyes, kaskazini ya San Francisco katika jimbo la California. Mito tuliyoizoea, Rufiji, Ruvuma, hata Mbwemkuru, huifikia bahari polepole, ikitambaa kwenye mikoko na tope. Alamere haina subira hiyo. Inafika ukingoni mwa genge na kuanguka mita 12 hivi hadi kwenye mchanga, kisha inakatiza ufuko na kuingia Pasifiki. Maporomoko ya namna hii ni machache duniani. California kwenyewe kuna mengine mashuhuri zaidi, McWay ya Big Sur, mita 24, lakini yale unayatazama kwa mbali ukiwa juu, maana kushuka ufukweni kwake ni marufuku. Afrika Kusini, katika pwani ya Wapondo, pako mahali panapoitwa Waterfall Bluff, ambapo mto unatoka juu ya jabali na kudondokea baharini moja kwa moja.

Alamere unaweza kuyagusa. Sharti utembee kilomita 21, kwenda na kurudi, na bahari ikupe njia.

Tuliondoka Oakland siku ya Jumamosi, mwezi wa Mei, saa moja kasorobo asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Niliuona dirishani kwa mdogo wangu, mkubwa, mweupe, ukielea juu ya mapaa, na papo hapo hesabu ikajifanya yenyewe kichwani: mwezi kumi na nne, kwa hiyo ni bamvua. Mtu wa pwani yetu hahitaji kitabu kwa hilo. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Wanawake wa kukusanya chaza na pweza huijua ratiba hiyo kuliko ratiba ya basi. Nilipomwambia mpwa wangu aangalie kwenye simu, akajibu "saa tano na dakika hamsini", nilijiambia kwamba sawa, nchi ya mbali, imechelewa saa mbili. Tukifika Wildcat saa sita tutalikuta tupu. Wala sikuomba kuiona simu.

Njia ya gari inapita kando ya wangwa wa Bolinas, na hapo ni vizuri dereva apunguze mwendo, kwa sababu anavuka kitu kisichoonekana. Chini ya wangwa ule unapita ufa wa San Andreas, mpaka wa mabamba mawili ya dunia. Upande wa mashariki ni bamba la Amerika Kaskazini. Rasi yote ya Point Reyes imekaa juu ya bamba la Pasifiki, nayo inasogea kuelekea kaskazini-magharibi, sentimita chache kila mwaka, isipokuwa inapoamua kwenda kwa mkupuo. Tarehe 18 Aprili 1906, alfajiri, tetemeko lililoibomoa na kuiunguza San Francisco lilipita hapa pia, na karibu na kijiji cha Olema uzio wa shamba ulikatika, vipande vyake viwili vikaachana kwa mita kadhaa. Mahali hapo leo pana kijia cha kutembelea, na uzio umejengwa upya na pengo lake, wageni wapige picha.

Bolinas penyewe ni kijiji kisichopenda wageni. Kwa miaka mingi kila kibao cha barabarani kilichoelekeza huko kiling'olewa usiku, kikiwekwa kingine nacho kinang'olewa, mpaka wenye barabara wakachoka. Nilifurahi kusikia habari hiyo. Baadaye, nilipoona maegesho ya Palomarin, mwisho wa barabara ya vumbi, yamejaa saa tatu asubuhi na magari yamejipanga kando ya njia kama kwenye harusi ya kigogo, niliwaelewa kabisa wang'oa vibao.

Hakuna kiingilio. Hakuna basi. Mtandao wa simu hupotea kabla hujafika. Mbwa haruhusiwi. Ngazi chache za mbao, halafu unaingia msitu wa mikaratusi.

Harufu ile ilinipeleka Mufindi. Mikaratusi imeletwa California kutoka Australia tangu wakati wa wachimba dhahabu, katikati ya karne ya 19, kama ilivyoletwa kwetu baadaye, na huku nako wanalalamika kwamba inakunywa maji na kuwaka moto upesi. Tofauti ni kwamba sisi tumeifanya nguzo za umeme na wao wameiacha izeeke. Karibu na hapo wako watafiti wa ndege ambao tangu miaka ya 1960 hutega nyavu nyembamba kama chandarua, humnasa ndege, humvisha pete mguuni, humpima, humwachia. Kazi ya subira. Niliwaza kuwauliza kama wana nafasi ya mjomba mmoja asiye na haraka.

Baada ya mikaratusi njia inatoka kwenye uwazi, na hapo bahari inakufikia ghafla, chini kushoto, kubwa, ya rangi ya chuma. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama pamba iliyosahauliwa. Njia yenyewe ni pana, ya vumbi gumu, inafuata ukingo wa magenge, kisha inajikunja kuingia bondeni, inavuka kijito, inapanda tena upande wa pili, inarudi ukingoni. Kila korongo lina hewa yake: chini ni baridi na kunanuka udongo uliolowa, juu kuna upepo na jua. Maua ya rangi ya chungwa yalikuwa yamefunguka kwenye miteremko. Kware wenye kishungi mbele ya kichwa, kama alama ya mkato iliyopinduliwa, walikimbia mbele yetu bila kukubali kuruka. Angani tumbusi, na chini yao, juu ya mawimbi, mwari kumi na mmoja wakiruka kwa mstari mmoja, wa kwanza akipiga mbawa na wengine wakimwiga mmoja mmoja hadi wa mwisho.

Kitu ambacho sikukiona kwa kilomita zote hizo ni ukuta. Hakuna hoteli, hakuna seng'enge inayoingia majini, hakuna mlinzi wa kuuliza unakwenda wapi. Tarehe 13 Septemba 1962 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kuifanya pwani hii hifadhi ya taifa, wakati ambapo wapimaji wa viwanja walikuwa wamekwisha anza kuikodolea macho, na leo ni zaidi ya hekta 28,000. Sisi tunayo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Atakayenionyesha mita hizo 60 zikiwa tupu kaskazini ya Dar es Salaam nitamnunulia pweza mzima.

Baadaye njia inaiacha bahari na kupanda ndani. Hapa kuna maziwa, moja baada ya jingine, Bass, Pelican, na mengine yaliyojificha vichakani. Haya hayakuchimbwa na mto. Nchi yote hii inaporomoka kuelekea baharini; mapande makubwa ya mlima yamewahi kuteleza, na kila pande likilala vibaya linaacha shimo nyuma yake, shimo linajaa mvua, linakuwa ziwa. Ukilijua hilo unaanza kukanyaga kwa heshima kidogo. Ziwa Bass lilikuwa limetulia kama chai ndani ya kikombe, na vijana wawili walikuwa wakioga humo kwa makelele ya watu wanaojuta.

Mwendo wa kama kilomita sita na nusu kutoka maegesho pana njia panda ambayo haimo kwenye ramani ya hifadhi. Kijia chembamba kinachepuka kushoto na kupotea kwenye vichaka, na kibao kinaonya kwamba hakitunzwi na kwamba ni hatari. Ndiyo njia ya mkato ya Alamere. Inakupeleka juu ya maporomoko, halafu kutoka hapo unajishusha ufukweni mwenyewe, kwa mikono na makalio, kwenye genge la mawe ya tabaka yanayomeguka kama biskuti. Inaokoa saa nzima na zaidi. Pia huwapa kazi waokoaji, ambao huitwa mara kwa mara kwa mtu aliyevunjika mguu au aliyepanda akashindwa kushuka.

Mpwa wangu alitazama kijia, akanitazama. Sikuwa naogopa genge. Niliinama nikaangalia vichaka vilivyokibana kijia kulia na kushoto. Majani matatu matatu kwenye kila kikonyo, mapya, yanang'aa kama yamepakwa samli, mekundu kidogo ukingoni. Huku watoto hufundishwa mapema kuyaogopa majani hayo matatu. Huita mmea wenyewe kwa jina lenye maana ya mwaloni wa sumu, ingawa si mwaloni hata kidogo. Watu wa kwetu wakisikia habari zake husema kumbe ni upupu. Siyo. Upupu hukuwasha palepale kwa vinyweleo, ukajikuna, ukaoga jivu, ukasahau. Huu hukuacha uende nyumbani kwa amani. Una mafuta, na mafuta hayo hukaa kwenye ngozi, kwenye suruali, kwenye kamba za viatu, na siku moja au mbili baadaye malengelenge yanatoka.

Mimi mafuta hayo nayajua. Mmea ule ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Mtoto wa Mtwara aliyewahi kubangua korosho mbichi kwa meno kwa sababu ya uroho anajua ganda lile linavyochuna midomo. Anajua kwa nini kina mama wa kubangua hupaka mikono jivu au mafuta kabla ya kazi, na kwa nini moshi wa kukaangia korosho haukaliwi upande upepo unakoelekea. Hata utomvu wa embe changa, ule wa kikonyo, una ndugu yake humo. Nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia kukutana na binamu wa mkorosho, na nikamjua kwa tabia zake.

"Tunapita njia ndefu," nikasema.

"Sawa, mjomba."

Ndivyo tulivyofika Wildcat saa sita na nusu, tukakuta bahari imejaa.

Pale Wildcat ni uwanda wa nyasi juu kidogo ya ufuko, na kambi ya watu wa mahema walioomba kibali mapema, choo, meza za mbao. Kutoka hapo maporomoko yako kusini, karibu kilomita mbili, na njia ni ufuko wenyewe: genge kushoto, bahari kulia, na katikati mchanga, kama upo. Watu wengine wapatao kumi walikuwa wamekaa nyasini wanakula. Hakuna aliyeonekana kushangaa. Walikuja wakijua watasubiri.

Nikaomba simu. Mpwa wangu alikuwa amehifadhi picha ya jedwali kabla mtandao haujakatika. Nikaisoma mara mbili. Maji kupwa, saa kumi na mbili kasoro kumi alfajiri. Maji kujaa, saa saba mchana. Maji kupwa tena, saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa Kiingereza saa ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu ya tano, na yeye aliitafsiri kama ilivyoandikwa. Tano ni tano. Mama yake anapomwambia "chakula saa mbili" yeye hutazama saa ya ukutani na kuona nane. Hilo analijua kwa mazoea ya nyumbani. Lakini hakuwahi kulivusha hadi kwenye bahari.

"Na hii ya jioni," akasema akinyoosha kidole, "nayo ni saa tano. Kuna saa tano mbili, mjomba."

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu tulipoondoka nyumbani wakati maji ya alfajiri yalikuwa yamekwisha pwa na kuanza kurudi. Akasema alidhani nina sababu zangu, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa pwani. Hilo lilinichoma kuliko majani matatu.

Na hata bila saa zake hesabu yangu ilikuwa mbovu. Pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na jozi hizo karibu zinalingana. Ukikosa maji ya asubuhi utayakuta ya jioni yaleyale. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, bahari inaondoka hadi mwambani na kuacha ngalawa zimelala ubavu. California hata bamvua haifiki huko, na zaidi ya hayo mawili hayalingani. Mwezi haukai juu ya ikweta. Hupanda kaskazini na kushuka kusini, na Pasifiki kwa umbo lake huupokea mvuto huo kwa namna inayoyapa maji mawili ya siku moja nguvu tofauti. Siku ile maji ya alfajiri yalishuka chini ya sufuri ya vipimo. Ya jioni yangeishia zaidi ya nusu mita juu yake. Yaani kulikuwa na kupwa kwa kweli na kupwa kwa jina, na kule kwa kweli kulitupita tukiwa bado tunapiga mswaki.

Wenyeji wa kwanza wa fukwe hizi, Wamiwok wa Pwani, nina hakika hawakuwahi kuaibika namna hii. Walikuwa wakichuma kome na kuchimba makombe kwenye mchanga, na kutokana na makombe hayo walichonga shanga bapa zilizotobolewa katikati, zikatumika kama fedha hadi mbali bara, kama kauri zilivyotumika kwetu. Wahispania walipokuja na misheni zao, kisha wafugaji na ng'ombe wao, watu hao walinyang'anywa karibu kila kitu. Kizazi chao kipo. Serikali ya Marekani iliwarudishia utambulisho wa kisheria mwaka 2000.

Tulikaa. Mdogo wangu alitufungia maandazi ya nazi, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi, na nadhani hakuna chai iliyowahi kunyweka polepole kama ile. Lakini nilikuwa na jambo moja ambalo halihitaji simu wala mwezi. Nilishuka hadi mahali povu lilipoishia, nikachomeka kijiti. Tulifanya hivyo utotoni tukisubiri kuvuka kwenda upande wa pili wa ghuba. Mawimbi mawili makubwa yalikipita kijiti changu, la tatu likakiangusha. Nikachomeka kingine juu zaidi. Saa saba na robo hicho kilikuwa kinalowa mara moja moja. Saa nane kilikuwa kikavu, na chini yake palikuwa na mstari wa mchanga mweusi, upana wa mkeka. Mpwa wangu alikuja kuchuchumaa kando yangu. Akaanza kuhesabu mawimbi kwa Kiswahili, kila la saba akidai ni kubwa, jambo ambalo si kweli lakini hata mimi niliwahi kuliamini.

Saa nane na nusu watu wa nyasini walianza kusimama. Tukavua viatu, tukaenda.

Nawaambia wa kwetu jambo moja kuhusu bahari hii: haina mwamba. Pwani yetu wimbi hufika limechoka. Limekwisha kuvunjwa na matumbawe kule mbali, likija mguuni pako ni salamu tu. Huku wimbi limetoka katikati ya Pasifiki halijagusa kitu, na linafika na uzito wake wote. Mara nyingine huja moja linalopita wenzake kwa mita nyingi, bila taarifa, na ndilo linalochukua watu waliogeuka kupiga picha. Maji nayo ni baridi mno; kifundo cha mguu kinauma kwanza, kisha hakisikii. Nilitembea jicho la kulia likiwa baharini na la kushoto juu gengeni, kwa sababu genge nalo halikai kimya. Vijiwe vilikuwa vikidondoka, vidogo, tik, tik, na mahali pawili rundo la mawe mapya lilikuwa limeingia hadi katikati ya ufuko.

Huko kudondoka ndiko kunakoyafanya maporomoko yawepo. Kijito kikipewa muda hujichimbia bonde hadi kulingana na bahari, na hapo hakuna tena pa kuanguka. Kijito cha Alamere hakipewi muda. Mawimbi yanalimega genge upesi kuliko kijito kinavyoweza kuchimba, na nchi yenyewe, kando ya ufa ule, imesukumwa juu. Kila mara kijito kinapokaribia kumaliza kazi, ukingo unakatwa mbele yake. Kwa hiyo kinaendelea kuruka.

Tuliyasikia kabla ya kuyaona, na nilidhani ni mawimbi. Sauti za maji mawili zilikuwa zimechanganyika: ya kulia inavuta pumzi na kuitoa, ya kushoto haipumui. Halafu genge likajikunja na pazia likawa pale, jeupe, pana kuliko nilivyofikiri, likiteleza juu ya ukuta mweusi uliovaa kuvu na nyasi za kijani kibichi. Mei bado maji yalikuwa mengi, kwa sababu mvua za California ni za Novemba hadi Aprili. Wanaokuja Septemba hukuta uzi mwembamba na hurudi wakinung'unika. Juu yake, ukirudi nyuma hadi karibu na maji, unaona maporomoko mengine madogo yakishuka kwa ngazi kabla ya hili la mwisho.

Nilikwenda moja kwa moja mahali maji yanapotua. Hakuna bwawa la kina. Maji yamechimba sahani ya mchanga na kokoto, yanazunguka hapo mara moja kama mtu anayetafuta mlango, kisha yanatoka kwa mkondo wa upana wa kitanda, na mkondo huo unachora mistari midogo ya mawimbi ya mchanga ambayo inasogea, inavunjika, inajijenga upya, kila sekunde. Hatua kama sabini tu, na mto umekwisha. Nilikinga viganja na kuonja karibu na genge: matamu, ya baridi, na ladha ya majani. Nikaufuata mkondo hadi ulimi wa wimbi ulipoupanda, nikaonja tena. Chumvi. Nikarudi hatua tatu. Matamu. Mpwa wangu alinirekodi kwenye simu nikifanya hivyo mara tano, na video hiyo sasa iko Mtwara, Dar es Salaam na Muscat, ikisambazwa na watu ninaowaheshimu.

Wakati ule vijana wanne walikuwa wakishuka gengeni kutoka njia ya mkato, mmoja mmoja, migongo ikisugua mwamba, mawe yakiwatangulia. Walivaa kaptula fupi. Miguu yao mitupu ilikuwa imepita kwa binamu wa mkorosho kwa mwendo wote ule. Mmoja alifika chini akiwa na furaha kubwa, akatupa mkono tusalimiane. Nilimpa kiwiko.

Saa kumi nilisema twende. Maji yalikuwa bado yanatoka, ufuko umekuwa barabara, na mpwa wangu alisema tuna muda hadi saa kumi na moja na nusu. Alisema hivyo, kumi na moja na nusu, bila kusita, nami sikusema kitu nisije nikamharibia. Tulichukua tahadhari tuliyopaswa kuichukua asubuhi, tukaenda. Kijiti changu cha pili tulikikuta Wildcat, kimesimama peke yake mbali sana na maji, hakifanani na kitu chochote cha maana.

Kilomita tisa za kurudi ni zilezile, ila miguu inazihesabu tofauti. Ukungu ulipanda kutoka baharini ukatukuta kwenye ziwa Pelican, ukalifuta. Koyote mmoja alivuka njia mbele yetu, akasimama, akatutazama kama mzee wa mtaa anayejiuliza hawa ni wa nani, akaendelea na shughuli zake. Tulifika kwenye mikaratusi saa mbili kasorobo usiku, kiza kikianza kuingia, na maegesho yalikuwa yamebaki na magari sita.

Mtandao ulirudi tulipokuwa tunapanda mlima baada ya Stinson Beach. Simu ililia mara kumi mfululizo, zote za mama yake. Akaipokea, akaweka sauti nje kwa sababu anaendesha.

"Mko wapi nyinyi? Mjomba wako mzima? Mtafika saa ngapi?"

"Tuko njiani, mama. Tutafika saa kumi."

Kukawa kimya upande wa pili. Kwa mdogo wangu saa kumi ni wakati ule majogoo wanapoanza. Kijana alinigeukia nusu, mikono yote miwili kwenye usukani, na nikaona midomo yake ikihesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane, saba, sita, tano.

"Saa nne, mama," akasema. "Nne za usiku."

"Na mlikula yale maandazi?"